Mikono ya Maram

Jumamosi, 1 Juni 2002, Ibra, Omani

Miaka kumi na moja nalea watoto wa watu sebuleni kwangu, na leo nimeambiwa nikajifunze kulea watoto. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaonyeshwa karatasi ya idara: ikifika mwisho wa Agosti, mwanamke asiye na shahada ya ulezi wa nyumbani asipokee mtoto wa mtu, na akipokea atafungiwa. Kicheko kikakatika pale pale.

Tuko tisa, na mimi ndiye bibi yao. Masomo ni Jumatatu alasiri, katika ukumbi wa akina mama. Mwalimu wetu ni Ustadha Wadha wa Nizwa, msichana mwembamba, sauti ndogo, lakini akikutazama unanyoosha mgongo. Kanuni yake ya kwanza: "Andika ulichokiona kwa macho. Usiandike unachodhani." Katutaka tununue daftari mbili. Moja ya faili, kwa Kiarabu, ataisoma yeye. Ya pili ni yetu wenyewe, lugha yoyote, hatoisoma mtu.

Basi hii ya pili naandika Kiswahili cha kwetu Tabora. Mume wangu Nadhir yuko Sur kazini, na barua zangu hata zamani alikuwa hazimalizi. Mama yake, Bi Kaltham, ninayekaa naye hapa, anasoma msahafu tu. Niko salama.

Jumatatu, 10 Juni

Leo tumefundishwa kuosha mikono. Wallahi, saa nzima.

Shule zimefungwa, watoto wa walimu wako kwao. Wamenibakia wawili. Firas ana mwaka mmoja na nusu, mama yake Rawya ni muuguzi, Kiswahili chake cha kuokota. Maram ana miaka minne, mama yake Rasha ni karani posta, na ana mimba kubwa. Maram haji bila baisikeli yake nyekundu ya magurudumu matatu. Akishuka anaiegemeza ukutani na kuiambia ingoje.

Jumatano, 19 Juni

Joto. Tende za mwanzo zimeingia sokoni. Firas kala tatu, kokwa nimezitoa mimi.

Jumanne, 25 Juni

Idara inataka dirisha la chumba cha watoto liwe na pazia. Nimenunua kitambaa cha manjano, kilikuwa rahisi. Bi Kaltham kasema nyumba imekuwa kama ya biarusi. Jua likipiga, chumba kizima kinageuka rangi ya bizari. Mie naona kimependeza.

Jumapili, 7 Julai

Kesho ni mtihani wa huduma ya kwanza, asubuhi, kwa kuwa mtahini anatoka Maskati na lazima arudi. Ustadha kasema wazi: siku hiyo mlezi afunge nyumba, awaambie wazazi mapema, na asimwachie watoto mtu ambaye hakusoma.

Sikuwaambia. Rawya yuko zamu, Rasha hana ruhusa, wataniuliza watoto wakae wapi, nami sina jawabu. Ni muda wa saa mbili tu. Bi Kaltham kalea watoto saba kabla mimi sijajua kufunga leso.

Jumatatu, 8 Julai

Nimefaulu. Naanza na hilo, maana nikianza na la pili hili sitalifikia.

Mtahini kaniuliza: mtoto kaungua, utafanya nini? Nikajibu bila kusita. Maji baridi ya mfereji dakika ishirini. Usipake samli, usipake asali, usipake dawa ya meno. Mwite mzazi. Andika. Kanipa alama zote. Nikarudi kwa miguu katika jua la saa tano na nusu, najiona mwanachuoni.

Mlangoni nikamsikia Firas. Kilio kile hakikuwa cha njaa. Maram alikuwa uani juu ya baisikeli yake, katulia, anatazama mlango. Nikaingia mbio. Bi Kaltham kampakata Firas anamtikisa, na mkono wa kulia wa mtoto, juu kidogo ya kifundo, umepakwa samli. Chini ya samli kidonda cha mviringo, upana wa ncha ya kidole. Kwenye makaa ya seredani palikuwa na msumari mrefu.

"Ana bu sufar, umanjano," Bi Kaltham akasema, wala hakuficha. "Wewe mwenyewe asubuhi umesema macho yake manjano. Nilitaka nimpige wasmu tatu za msumari wa moto, kalia sana, nimempiga moja."

Ni kweli nilisema. Nilikuwa natafuta kalamu, mguu mmoja nje, nikamwona Firas kakaa chini ya dirisha, nikasema, "Huyu leo macho kama manjano," nikatoka zangu. Nikamchukua mtoto nikamtoa uani kwenye mwanga wa Mungu. Macho meupe pe. Lilikuwa pazia langu.

Siwezi kumkasirikia Bi Kaltham. Hapa kwetu wazee wote wana alama hizo, yeye anazo tumboni na mkononi, na mimi ninayo moja kisogoni. Mwanawe wa pili alikufa Tabora kwa umanjano, na mpaka leo anasema alikufa kwa sababu hapakuwa na mtu anayejua kuchoma. Alimwona Firas akamwona yule. Mimi ndiye niliyesoma. Mimi ndiye niliyetoka.

Nikamtia maji ya mfereji, dakika ishirini, huku mwenyewe nikilia. Saa nane na nusu Rawya akaingia na nguo zake nyeupe za kazini.

"Shikamoo, Bi Shukriya."

"Marahaba, mwanangu."

Akamnyanyua mtoto. "Mkono yake imefanya nini?"

Nikafungua mdomo, na wallahi sikuwa najua nitasema nini. Hospitali kwao mtoto mwenye wasmu akiletwa, mama anagombezwa na karatasi inaandikwa. Niliiona shahada ikichanwa mbele yangu. Pembeni palikuwa na chetezo cha ubani, na Maram alikuwa kasimama kando yake, mdoli kwapani.

"Chetezo," nikasema. "Nimegeuka mara moja tu. Maram kakivuta, kaa likamrukia mwenziwe."

Rawya akautazama mkono kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Maram. "Wewe! Kwa nini?"

 Maram alinitazama mimi, anangoja niseme. Nikatazama sakafu.

Jumanne, 9 Julai

Firas kala vizuri. Nimeondoa lile pazia.

Jumatatu, 15 Julai

Faili linataka ripoti moja ya tukio. Nilikuwa nayo, sikuhitaji kubuni, ndivyo nilivyojiambia. Nikaandika saa, mahali, waliokuwapo, kilichofanyika, huduma iliyotolewa. Jina la Maram nililiandika kwa hati yangu nzuri kabisa.

Leo Ustadha kaisoma darasani kwa sauti. "Sikilizeni. Haikuongezwa, haikupunguzwa. Hakujitetea. Hivi ndivyo mtu anavyoandika alichokiona." Wenzangu wakapiga makofi. Mwanamke wa nyuma akanigonga begani akaniambia hongera, nami nikamshukuru.

Jumatatu, 22 Julai

Majirani wanachemsha tende. Masufuria makubwa yako motoni tangu alfajiri, mtaa mzima unanuka sukari, nguo kwenye kamba zinanuka sukari. Miaka yote harufu hii inanifurahisha. Mwaka huu inanichafua moyo.

Asubuhi Rasha kaja na Maram, anaisukuma ile baisikeli. Rawya naye alikuwa ndio kwanza kamshusha Firas.

"Mwambie," Rasha akasema.

"Samahani, Firas," Maram akasema. "Chukua."

Firas akapanda papo hapo akaanza kupiga kelele za raha. Rawya akasema hapana, haifai, mtoto huyu atabaki na nini, lakini Rasha akashikilia: lazima ajue uzito wa alichofanya. "Na nimemchapa, Bi Shukriya. Kwa kweli nimemchapa."

Maram alikuwa kaung'ata mdomo wa chini, anaitazama baisikeli. Nilikuwa na nafasi hapo. Mama wote wawili mbele yangu, mlango wazi. Nikasema, "Ni mtoto tu, msimzidishie." Hayo ndiyo yaliyonitoka. Saa nane na nusu Rawya akaondoka na baisikeli ndani ya gari.

Jumanne, 30 Julai

Maram anakalia mikono yake. Niliona tangu wiki iliyopita, nikajidai sikuona. Anakaa chini, anaisokomeza mikono chini ya mapaja, anatazama wenzake wa kwenye televisheni wakicheza. Nikimwambia nipe mkono tuvuke njia, ananipa ncha ya nguo. Firas akimwendea, anarudi nyuma mpaka ukutani.

"Khalti," ameniambia leo, "mimi nilimchoma Firas."

"Yalla, tule," nikasema.

Jumatano, 31 Julai

Joto. Sina la kuandika.

Jumatatu, 5 Agosti

Bi Kaltham hasikii Kiarabu cha haraka cha watoto wa siku hizi, lakini leo kasikia. Alikuwa anatoa kokwa, Maram kakaa naye juu ya mkeka, mikono imekaliwa.

"Shukriya, njoo. Anasema nini mtoto huyu? Kwa nini anasema kamchoma yeye?"

Nikamwambia. Nilikuwa sijamwambia, yeye alidhani Rawya anajua kila kitu na kasamehe. Akaiweka tende chini.

"Mie nimemchoma mmoja, na nilidhani namponya," akasema. "Huyu wa pili wewe umemchomea nini?"

Nikamweleza shahada, idara, mwisho wa Agosti. Akasema, "Nipe buibui langu. Nitakwenda mie kwa Rawya, niseme." Nikamshika. Nikambusu kichwa, nikambusu mikono, nikamwomba anyamaze mpaka nipate karatasi yangu, kisha nitasema mwenyewe. Akanyamaza. Bibi wa miaka themanini ambaye hajui kusema uongo, nimemfundisha mimi.

Jumamosi, 10 Agosti

Mitende ya jirani imekwisha kukatwa. Bi Kaltham hali pamoja nami.

Jumapili, 18 Agosti

Rasha kanifuata jikoni, kafunga mlango.

"Bi Shukriya, nataka ushauri wako, wewe mtu mzima. Nitajifungua wiki ijayo, inshallah. Naogopa."

"Uzazi wa pili ni mwepesi."

"Siogopi uzazi. Namwogopa Maram. Kama kaweza kumtia mwenziwe moto akasimama anatazama, atamfanya nini huyu mchanga? Jana nimemwambia ashike tumbo langu amsikie mdogo wake. Akakimbia. Akasema mikono yake mibaya." Rasha akajifuta kwa ncha ya ushungi. "Alhamisi baba yake atampeleka mji wa Adam, kwa bibi yake. Akae huko mpaka akue kidogo. Nafanya vibaya?"

Adam. Mtoto wa miaka minne atatolewa kwao, mama yake analala na mtoto mwingine, kwa neno langu moja. Nikamjibu, "Fanya kama moyo unavyokutuma."  Nafsi yanisuta, na sasa siwezi kuinyamazisha hata kwa sala. Nasujudu naona ile mikono.

Jumatatu, 19 Agosti

Ustadha Wadha kaja kukagua. Katazama jiko, sanduku la dawa, milango, viti. Kila kitu kiko sawa. Kisha akakaa mkekani karibu na Maram, kwa utaratibu, kama mtu anayemsogelea paka.

"Kwa nini unakalia mikono, habibti?"

"Ili isichome."

Ustadha akaninyanyulia macho. Alinipa muda, nauhesabu huo muda. Nikasema, "Tangu lile tukio, Ustadha."

Akaandika, akatia saini. Jina langu ni la kwanza katika orodha, shahada zinatolewa tarehe ishirini na nane. Mlangoni akanipa mkono. "Huyu mtoto msaidie," akasema.

Jumanne, 20 Agosti

Nimeosha pazia la manjano, nimelianika, nimelikunja, nimelitia kabatini. Nimelitoa tena nikalikata vitambaa vya kufutia vumbi. Hiyo ndiyo kazi ya siku nzima.

Jumatano, 21 Agosti

Nimesema.

Nilianza na Ustadha, kwa simu, asubuhi, kabla moyo haujarudi nyuma. Ningeanza na wazazi najijua, ningewabembeleza wafiche. Nikamwambia yote: mtihani, saa mbili, Bi Kaltham, msumari, pazia, chetezo. 

"Ile ripoti niliyowasomea wenzako," akasema.

"Uongo, Ustadha. Ila dakika ishirini za maji."

Akasema ataliondoa jina langu, faili nilirudishe, na mwaka huu nyumba yangu itafungwa kama nyumba nyingine zisizo na shahada. Mwaka ujao nikitaka nianze upya, tangu kuosha mikono. "Sitakuambia umefanya vyema," akasema, na sikutaka aniambie.

Alasiri nikawakalisha Rawya na Rasha. Bi Kaltham kakataa kubaki chumbani, kakaa kando yangu, buibui kajifunga. Nilipofika kwenye msumari, Rawya akapandisha mkono wa nguo ya Firas akakitazama kile kikovu.

"Mimi muuguzi," akasema, polepole. "Mimi niliona mviringo ile siku ile ile. Nikasema, hapana, Bi Shukriya hawezi sema uongo. Niliacha kuamini macho yangu kwa sababu yako." Akanyanyuka na mwanawe. Bi Kaltham akamwambia, "Ni mie, mwanangu, nisamehe," na Rawya akainama akambusu kichwa. Mimi akanipita.

Rasha hakuinuka. Kashika tumbo kwa mikono miwili. "Nilimchapa," akasema. "Alikuwa anasema si mimi, mama, si mimi. Siku ya tatu akaacha kusema. Nikafurahi, nikasema sasa kakiri."

Nililia. Hakunitazama.

Alhamisi, 22 Agosti

Hawakwenda Adam. Saa tatu asubuhi Rasha kagonga mlango, Maram kamshika nguo.

"Mwambie wewe," akasema. "Mimi nimemwambia toka jana, hanisadiki."

Nikakaa chini mbele ya mtoto. Nikamwambia: Maram, wewe hukumchoma Firas. Mimi nilitoka, nikawaacha. Bibi ndiye aliyemchoma, alidhani ni mgonjwa. Mimi nikasema ni wewe. Nilisema uongo.

"La," Maram akasema. "Mimi. Nilivuta hivi." Akautoa mkono mmoja mgongoni akanionyesha anavyovuta, na anavyoruka nyuma kaa linapoanguka. Kila kitu kiko kichwani mwake, na hakuna hata kimoja kilichotokea. Nimekiweka mimi. Nikamtazama Rasha, Rasha akageuza uso ukutani.

 Masomo yote yale, hakuna lililonifundisha hili. Ni Bi Kaltham aliyetoka chumbani na ule msumari kaufunga katika kitambaa. Akakaa kwa tabu, akaufungua.

"Tazama. Huu ndio. Niliutia motoni pale, kwenye seredani. Nikamgusa hapa." Akapandisha mkono wake, akamwonyesha alama yake ya zamani juu ya kifundo. "Kama mimi nilivyoguswa mdogo. Ni mie, binti yangu. Nilikosea."

Maram akautazama msumari, akaitazama alama. Akaigusa kwa kidole kimoja, akakirudisha haraka, kisha akaigusa tena.

"Alilia?"

"Alilia sana."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Uani," nikasema. "Umekaa juu ya baisikeli yako. Nilipoingia nilikukuta huko."

Akafikiri. Naona anaitafuta ile siku, anapita huku na huku. Uso wake ukabadilika kidogo kidogo, mpaka ukawa wa mtoto aliyekasirika, na nilikuwa sijauona uso huo tangu Julai.

"Basi baisikeli yangu iko kwa Firas," akasema. "Naitaka."

Nikavaa buibui nikatoka. Jua la saa sita, njia haina kivuli. Rawya akafungua mlango. Hakusema shikamoo. Mara ya kwanza tangu nimjue. Nikatoa salamu mimi, nikasema nimeifuata baisikeli ya Maram. Akaingia ndani, nikamsikia Firas anaangua kilio, akarudi nayo akaiweka kizingitini baina yetu, akafunga mlango.

Nikaitia kichwani. Wanawake waliokuwa wanaanua tende kwenye majamvi wakasimama kunicheka. "Bi Shukriya, leo umeanza biashara ya baisikeli? Unaipeleka wapi?"

"Nairudisha kwa mwenyewe," nikasema. "Maram hakumchoma mtu. Nilimsingizia mimi."

Wakaacha kucheka. Nikasema vile vile kwa waliokuwa kisimani, na kwa mke wa mwenye duka.

Maram alikuwa anangoja uani. Akaipokea kwa mikono miwili, akaipangusa kiti, akapanda. Akazunguka mara tatu, vidole vyote vimeukamata usukani. Mara ya nne akasimama mbele yangu.

"Usiseme tena ni mimi."

"Sitasema."

Akanitazama kuona kama ni kweli. Sidhani alipata jawabu. Akapiga pedali, akaendelea kuzunguka.